Sintra kwa siku moja kutoka Lisbon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Saa zote humu zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Saa 3:30 asubuhi ndiyo itakayochapwa 9:30 kwenye tiketi yako, kwa hiyo soma mara mbili kabla ya kulipa.

## Kabla ya kupanga

Sintra ni mji wa namna gani?

Ni mji mdogo wa Ureno uliokaa kwenye ubavu wa milima yenye msitu, kaskazini-magharibi ya Lisbon, mwendo wa dakika 40 kwa treni. Wafalme wa Ureno walikuwa wakikimbilia huko kiangazi kwa sababu ya ubaridi. Wakuu na matajiri wakawafuata, kila mmoja na jumba lake. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, mji pamoja na milima yake.

Jambo la kuelewa mapema ni kwamba vivutio havijakaa pamoja. Kasri la Taifa liko katikati ya mji. Quinta da Regaleira iko pembeni kidogo. Ngome ya Wamoro na Kasri la Pena ziko juu mlimani, na Monserrate ni kilomita tatu na nusu nje ya mji. Ugumu wa siku hii ni kutoka lango moja hadi jingine.

Nitaweza kuona yote kwa siku moja?

Hapana. Atakayekuambia inawezekana anahesabu dakika za ndani ya majumba tu, anasahau foleni, basi na vilima. Hesabu ya kweli, pamoja na kutembea ndani ya eneo lenyewe, ni hii: Pena saa mbili na nusu hadi tatu, Ngome ya Wamoro saa moja au moja na nusu, Regaleira saa mbili na zaidi, Kasri la Taifa saa moja na kidogo, Monserrate saa mbili, bado hujahesabu kwenda na kurudi.

Vikubwa viwili na kimoja kidogo, basi. Ukilazimisha cha nne utakuwa unapiga picha za milango.

Nikichagua viwili tu, nichague vipi?

Ukiwa mgeni kabisa: Pena asubuhi, Regaleira alasiri. Ngome ya Wamoro unaweza kuichomeka katikati kwa kuwa iko jirani na Pena.

Ukichukia umati, acha Pena bila kujuta. Nenda Kasri la Taifa asubuhi, kisha Monserrate. Kasri la Taifa ndilo ambalo wageni wengi hulipita wakiwa mbioni kwenda mlimani, nalo ndilo lenye historia nzito kuliko yote (tazama swali la mabomba mawili meupe).

Siku gani ina nafuu?

Jumanne hadi Alhamisi. Wikendi wenyeji wa Lisbon nao hupanda huko. Jumatatu inadanganya: makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa siku hiyo, basi watalii wote waliokosa pa kwenda huhamia Sintra. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari usiende, majumba hufungwa.

Nivae nini? Lisbon kuna joto kali.

Beba sweta au koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama Lisbon unatokwa jasho. Milima ya Sintra husimama karibu na Atlantiki na kuudaka unyevu wa bahari, kwa hiyo mlimani huwa na baridi zaidi, na ukungu unaweza kushuka ndani ya nusu saa. Viatu viwe vya kamba vyenye soli inayoshika. Mawe ya njiani yamesuguliwa na miguu ya watu hadi yanateleza, na kwenye mahandaki ya Regaleira chini ni maji.

## Kufika Sintra

Treni ipi, kutoka kituo gani?

Panda treni ya CP, shirika la reli la Ureno, kutoka kituo cha Rossio, katikati ya Lisbon. Sintra ndiyo mwisho wa reli, huwezi kuipita. Ila usishuke Portela de Sintra, kituo kimoja kabla. Nauli ni euro mbili na senti kadhaa kwa kwenda, na huhitaji kuhifadhi kiti.

Watu hupotea kwenye jina. Kituo cha metro kinachoitwa Rossio si mlango wa treni hii. Cha karibu zaidi ni Restauradores. Jengo la treni lina milango miwili mikubwa yenye umbo la kiatu cha farasi. Ukiingia, usitafute reli hapo chini: panda ngazi za umeme, maana majukwaa yako juu, nyuma ya jengo.

Zipo pia treni za kutoka Oriente. Zinafaa kama umelala upande huo wa jiji.

Nikifika mashine ya tiketi nifanye nini?

Unanunua kadi ya navegante kwa senti 50, kisha unaipakia nauli ya kwenda na kurudi. Kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawapiti kwa kadi moja.

Kosa linalokwamisha wengi: kadi hiyo haibebi aina mbili za tiketi kwa wakati mmoja. Kama jana uliipakia safari za metro na bado zimebaki, mashine itaikataa nauli ya treni. Dawa yake ni kununua kadi nyingine ya senti 50, usibishane na mashine huku foleni inanuna nyuma yako. Ukiwa na Lisboa Card, kadi ya watalii ya Lisbon, treni hii imo ndani yake, hulipi tena.

Itunze kadi mpaka mwisho wa safari. Geti la kutokea Sintra nalo linaidai.

Si afadhali nikodi gari?

Kwa Sintra, gari ni mzigo. Barabara ya kupanda Pena imefungwa kwa magari binafsi ya wageni, na mitaa ya mji mkongwe ni myembamba na ya upande mmoja. Utaishia kuegesha mbali, kisha upande basi lilelile. Kama tayari unalo, liache karibu na kituo cha Portela de Sintra uendelee kwa miguu au kwa usafiri wa umma.

Kutoka kituoni hadi mjini ni mbali?

Dakika 10 hadi 15 kwa miguu, njia ikizunguka bonde kwa mteremko mpole. Utapita jengo la manispaa lenye mnara uliochongoka, halafu chemchemi iliyonakshiwa vigae kwa mtindo wa Kimoro, na mabomba mawili meupe ya Kasri la Taifa yataanza kuchomoza mbele yako. Usilipe bajaji kwa kipande hiki.

## Kupanda mlimani

Basi namba 434 linafanyaje kazi?

Linazunguka: kituo cha treni, mji mkongwe, Ngome ya Wamoro, Pena, kisha linashuka. Ni mzunguko wa upande mmoja, na hapo ndipo pa kutumia akili. Ngome inatangulia na Pena inafuata, lakini wewe pitiliza hadi Pena kwanza, kisha rudi ngomeni kwa miguu. Ni kama dakika 10 za kuteremka. Ukianza na ngome, utakuwa unapanda wakati saa ya tiketi yako ya Pena inakimbia.

Pandia kituo cha treni, si mjini. Linapofika mjini mara nyingi limeshajaa, na wanaosubiri pale hutazama mabasi yakiwapita. Kuanzia saa 4 asubuhi foleni huwa ndefu.

Naweza kupanda kwa miguu?

Unaweza, na kwa mwenye magoti mazima ndiyo njia nzuri kuliko zote. Tumia njia ya Vila Sassetti inayoanzia mjini: haifiki kilomita 2 hadi lango la ngome, ila karibu yote ni kupanda, kwa vijukwaa na ngazi katikati ya miamba yenye kuvu. Weka dakika 45 hadi saa nzima. Usifuate barabara ya magari. Haina njia ya waenda kwa miguu sehemu nyingi, na kona zake ni za kushtukiza.

Bajaji na teksi je?

Zipo nje ya kituo tangu asubuhi. Patana bei kabla ya kukaa, na uliza waziwazi ni ya mtu mmoja au ya chombo kizima. Mkiwa watatu au wanne tofauti na basi haiwi kubwa sana, na mnaokoa muda. Zinafaa hasa kwa wenye tiketi ya Pena ya saa 3:30, ambao basi linaweza kuwachelewesha.

## Tiketi na saa zake

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya Pena ni ya kuingia wapi?

Ni ya kuingia ndani ya kasri lenyewe, si lango la bustani. Hili ndilo swali ghali kuliko yote hapa. Mtu ana tiketi ya saa 4:00, anafika lango la chini saa 3:55, anajiona amewahi. Kutoka hapo hadi mlango wa kasri ni kupanda kilima kwa muda unaoweza kufika nusu saa, na mlangoni kuna foleni nyingine ya wenye saa ileile.

Hesabu kwa kurudi nyuma. Saa 4:00 mlangoni ni saa 3:30 langoni. Saa 3:30 langoni ni kupanda basi karibu saa 3 kasorobo. Hiyo ina maana kutoka Rossio si baada ya saa 2 kasorobo. Kuna kibasi cha ndani, kwa malipo ya ziada, kinachopanda kutoka lango hadi karibu na kasri, lakini nacho kina foleni yake. Kichukulie kama nafuu ya miguu, usikitegemee kama mkombozi wa muda.

Nikichelewa watanielewa?

Usitegemee huruma. Saa ikipita, mlangoni wanaweza kukukatalia na pesa huzipati, hata kama kosa ni la treni. Ndiyo maana kwa anayetegemea basi tunashauri tiketi ya saa 4:00 au 4:30 badala ya ile ya kwanza kabisa. Kipindi cha kiangazi inunue siku kadhaa kabla, kwenye tovuti rasmi; saa nzuri za asubuhi huisha mapema. Mtu mzima hulipa kama euro 20 kwa kasri na bustani.

Kuna tiketi ya bustani peke yake. Inatosha?

Inatosha kwa anayependa miti kuliko samani. Haikuingizi vyumbani, lakini msitu wenyewe ni kivutio: mikangaga mikubwa kama miti, maziwa madogo, na njia ya kupanda Cruz Alta, kilele cha mita 528. Ndani ya bustani ileile kuna nyumba ya Chalet ya Countess wa Edla, iliyojengwa kwa ajili ya Elise Hensler, mwimbaji wa opera aliyekuwa mke wa pili wa Mfalme Fernando II. Iliungua mwaka 1999, ikakarabatiwa na kufunguliwa tena 2011. Watu wachache hufika huko.

Kuna tiketi moja ya majumba yote?

Hakuna inayofunika kila kitu. Pena, Ngome ya Wamoro, Kasri la Taifa na Monserrate ziko chini ya shirika moja, Parques de Sintra. Quinta da Regaleira ina uongozi wake na tovuti yake. Kila mwaka kuna wanaosimama lango la Regaleira na tiketi ya Pena mkononi.

Mtu nje ya kituo ameniambia basi halipo na tiketi zimeisha. Kweli?

Pengine anauza ziara yake. Mwitikie salamu, endelea mpaka kituo cha basi, soma ubao mwenyewe.

## Ndani ya majumba

Mbona Pena ina rangi mbili, nyekundu na njano?

Kwa sababu ni majengo mawili yaliyoshonwa pamoja. Upande mwekundu, wenye mnara wa saa, ni monasteri iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16 wakati wa Mfalme Manuel I. Huyo ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, na mwaka 1498 meli zake zikafika Mombasa na Malindi. Tetemeko la 1755 liliiacha monasteri magofu. Mwaka 1838 Fernando II, Mjerumani aliyemwoa Malkia Maria II, akayanunua magofu hayo na kuongeza upande wa njano, kazi ikisimamiwa na mhandisi Mjerumani mwenzake, von Eschwege.

Kwa miaka mingi rangi hizo zilikuwa zimefifia kuwa kijivu. Zilirudishwa miaka ya 1990, na wapo wenyeji walioona ni kama keki.

Ndani usipite haraka ukumbi wa wazi wa watawa wenye vigae, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kale. Chini ya lango la Triton simama uinue macho: kiumbe nusu mtu nusu samaki amekaa juu ya kombe kubwa la baharini, uso umekunjamana, na nywele zake zinageuka kuwa matawi ya mzabibu.

Ngome ya Wamoro ina nini zaidi ya kuta?

Ina kuta, na hizo ndizo raha yake. Ilijengwa na Wamoro, Waislamu waliotawala rasi ya Iberia, ikasalimu amri kwa Mfalme Afonso Henriques mwaka 1147 baada ya Lisbon kuanguka. Unatembea juu ya ukuta kutoka mnara hadi mnara, bahari upande mmoja na Pena juu yako upande wa pili. Upepo hapo ni wa kung'oa kofia, na kuna sehemu ambazo kingo ni fupi. Anayeogopa urefu abaki chini kwenye kisima cha kukusanyia maji ya mvua.

Kisima cha Regaleira kilikuwa cha maji?

Hakikuwahi. Ni mnara uliogeuzwa kuingia ardhini, mita 27, wenye ngazi ya mzunguko na vituo tisa. Tajiri António Augusto Carvalho Monteiro alimwachia Mwitaliano Luigi Manini, mchoraji wa mandhari za majukwaa ya opera, amjengee bustani ya mafumbo kati ya 1904 na 1910, na ndivyo inavyoonekana: kama jukwaa. Mafumbo yake yanahusishwa na Wamasoni (Freemasons) na Mashujaa wa Hekalu (Templars), lakini waongozaji kila mmoja ana tafsiri yake.

Unashuka tu, hupandi. Foleni iko juu, na mchana hujikunja mbali bustanini. Fika lango linapofunguliwa saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Chini kabisa angalia juu: mbingu inabaki duara dogo, na matone yanakudondokea usoni. Kutoka hapo unashika handaki, moja linatokea nyuma ya maporomoko ya maji. Washa tochi ya simu.

Yale mabomba mawili meupe katikati ya mji ni ya nini?

Ni ya kutolea moshi wa jiko. Yana urefu wa mita 33, na ukisimama jikoni ndani ya Kasri la Taifa unakuwa ndani yake, unatazama mapaa mawili yakisinyaa kuelekea tundu la mwanga. Jiko la kulisha wageni wa uwindaji wa mfalme halikuwa la mchezo.

Chumba cha kutokikosa ni cha ndege waitwao kunguru-madoa, wamechorwa darini 136, kila mmoja ana maandishi "por bem", yaani kwa nia njema. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba Mfalme João I alifumwa na malkia akimbusu mjakazi wa heshima, umbea ukatapakaa ikulu, naye akaamuru wachorwe ndege wapayukaji kwa idadi ya wanawake wa ikulu. Katika kasri hilohilo Mfalme Afonso VI alifungwa na ndugu yake tangu 1674 hadi kifo chake 1683. Wageni huonyeshwa sakafu inayodaiwa kuliwa na nyayo zake.

## Chakula

Nile nini cha hapo?

Travesseiro, maana yake mto wa kulalia: andazi refu la tabaka nyembamba lenye krimu ya mayai na lozi. Ile ikiwa ya moto. Ikipoa tabaka hulegea. La pili ni queijada, kikombe kidogo cha jibini bichi, sukari, mayai na mdalasini, ambacho hustahimili safari. Casa Piriquita iko mjini tangu 1862. Kwa mlo kamili, kula kabla ya saa 6:30 mchana au baada ya saa 8:30. Mlimani beba maji na kitafunwa chako.

## Yanayotokea mara chache

Nimefika na ukungu umefunika kila kitu. Nirudi?

Usirudi, badili mpangilio. Regaleira na Kasri la Taifa haziharibiwi na ukungu. Regaleira hata huongezeka utamu. Kinachokufa ni mandhari ya ngome, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuacha. Kama tiketi ya Pena ina saa, nenda tu: vyumba viko palepale.

Nimesikia mlima unaweza kufungwa ghafla.

Ni kweli, kiangazi, tahadhari ya moto wa misitu inapofika kiwango cha juu. Barabara za mlimani na majumba yaliyo msituni hufungwa. Angalia tovuti ya Parques de Sintra jioni ya kuamkia safari. Siku kama hiyo Kasri la Taifa hubaki kimbilio, pamoja na kasri la Queluz, lililo kwenye reli ileile: shuka Queluz-Belas utembee kama kilomita moja.

Nina mzee asiyeweza ngazi, au mtoto wa kigari.

Ngome ya Wamoro na kisima cha Regaleira viondoe kabisa. Pena tumia kibasi cha ndani, na mtoto umbebe kwa mbeleko, maana vyumba na vipito ni vyembamba. Monserrate ndiyo tulivu kuliko zote. Basi la 435 linaenda huko.

Naweza kuongeza Cabo da Roca?

Ukiwa umeona kimoja au viwili tu na umemaliza kabla ya saa 10 jioni. Basi la 1624 hutoka Sintra, hupita Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, na kuishia Cascais, ambako kuna treni nyingine ya kurudi Lisbon. Ukishuka pale piga picha huku ukijua basi linalofuata ni saa ngapi. Hakuna kivuli cha kungojea.

Treni ya kurudi inanipeleka Rossio moja kwa moja?

Soma ubao, si zote. Nyingine huelekea Oriente. Ukishapanda hiyo kimakosa usihangaike: shuka Sete Rios au Entrecampos, vyote vina metro. Jioni panda mabehewa ya mbali na mlango wa kituo, ndiyo yenye viti, na begi lipakate mbele; treni hii ina vibaka wanaopenda watalii waliosinzia.